Nataraja wa Sripuranthan: sanamu iliyouzwa kabla wenyewe hawajajua imeibwa

Februari 2008, Jumba la Taifa la Sanaa la Australia lililoko Canberra lilinunua sanamu ya bronzi ya mungu Shiva akicheza ndani ya duara la moto. Urefu wake ni karibu sentimita 130, ni kazi ya karne ya 11 au 12, na bei ilikuwa takriban dola milioni 5 za Marekani. Agosti mwaka huohuo, kijijini Sripuranthan katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, maofisa wa idara ya mahekalu walifungua hekalu kongwe la Shiva wakakuta sanamu 8 hazipo. Mojawapo ilikuwa ndiyo ile ya Canberra.

Mnunuzi alilipa kwanza, mwenye mali akajua baadaye. Katika miezi ile sita, mtu yeyote aliyeuliza kama sanamu hiyo imeripotiwa kuibwa angejibiwa hapana, na jibu lingekuwa la kweli kabisa. Mimi hukusanya vitu vya Kihindi vilivyofika pwani yetu kwa majahazi na meli: masanduku yenye misumari ya shaba, viti, vyombo vya shaba. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiuliza swali hilohilo la kama kitu kimeripotiwa, nikijibiwa hapana, nikatoa pesa. Kisa hiki ndicho kilichonifanya niliache, na ndiyo maana nataka kukieleza kwa urefu.

Kwanza sanamu yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini watu walihangaika nayo hivyo. Nataraja ni Shiva, Bwana wa Ngoma. Ana mikono minne. Mkono wa juu wa kulia umeshika ngoma ndogo ambayo mlio wake ndio mwanzo wa viumbe, wa juu wa kushoto una ndimi za moto wa kuviteketeza. Mkono wa chini wa kulia umeinuliwa kiganja wazi kuambia watu wasiogope, na wa kushoto unaelekeza kwenye mguu ulionyanyuliwa, ambako ndiko kimbilio la waja wake. Mguu wa kulia umemkanyaga mbilikimo ambaye ndiye ujinga. Watu wa utawala wa Chola, waliotamba kusini mwa India kuanzia karne ya 9 hadi ya 13, ndio walioifikisha sura hii kilele. Ni wao pia waliojenga hekalu kuu la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010, na lile la Gangaikonda Cholapuram, ambalo liko wilaya ileile ya Ariyalur kilipo kijiji cha Sripuranthan. Hekalu la Sripuranthan lina jina moja na hayo mawili, Brihadeeswarar, ila ni dogo na la mashambani.

Fundi wa Chola aliichonga sanamu kwa nta kwanza, kila kidole na kila ulimi wa moto. Akaipaka udongo tabaka kwa tabaka, akaianika, akaitia motoni nta ikayeyuka na kumwagika, kisha akamimina madini palipokuwa na nta. Yakishapoa, udongo ulivunjwa. Maana yake ni kwamba kalibu ilitumika mara moja tu, na hakuna sanamu ya namna hii yenye pacha. Unaweza kukuta Nataraja mia wanaofanana kwa mbali, lakini ukiwasogelea, idadi ya ndimi za moto, mkunjo wa nguo, kovu kwenye kitako cha sanamu, vyote hutofautiana. Msomaji alishike hili, tutalihitaji mbele.

Halafu kuna jambo la matumizi. Hekaluni, sanamu ya jiwe haitoki mahali pake. Ya bronzi ndiyo inayotoka: huogeshwa kwa maziwa, huvikwa hariri, huzungushiwa maua hadi uso tu ndio unaoonekana, na siku za sikukuu hubebwa mabegani kwenda kuwatazama watu mitaani. Kwa waja wake si picha ya mungu. Baada ya ibada ya kumkaribisha humo ndani, ni mungu mwenyewe aliye na nyumba yake. Sheria ya India nayo inalitambua hilo kwa namna yake: mungu wa hekalu anaweza kumiliki mali na kufungua kesi kupitia watu wanaomsimamia. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa hukumu kuhusu Nataraja mwingine, wa kijiji cha Pathur, aliyekuwa amenunuliwa na kampuni ya Kanada, na ikakubali kwamba hekalu la India lina haki ya kumdai London. Nataraja huyo akarudishwa. Kwa hiyo ilipofika 2008, hakuna msimamizi wa sanaa ya India katika jumba lolote kubwa duniani ambaye angesema hajawahi kusikia kwamba Nataraja wa Chola huwa na mwenyewe.

Kijiji

Hekalu la Sripuranthan lilikuwa limekwisha kuachwa. Ibada ya kila siku ilikatika, sanamu zikabaki ndani ya giza nyuma ya mlango wenye kufuli, na watu wakawa hawaingii. Wasomaji wengine wa kisa hiki huwalaumu wanakijiji hapa, kwamba walitelekeza mali yao. Mimi sikubaliani nao. Kijiji maskini kikikosa uwezo wa kumlipa kuhani hakijaacha kuwa na mungu wake, na ushahidi ni yale yaliyotokea mwaka 2008. Baada ya wizi mkubwa katika hekalu la Suthamalli, ambalo haliko mbali, maofisa walikuja Sripuranthan kutaka kuzihamisha sanamu hadi kwenye ghala salama la serikali. Wanakijiji waligoma. Walisema mungu wao hatoki. Hawakujua kwamba walikuwa wanawakatalia maofisa sanamu ambazo tayari hazikuwepo.

Wezi walikuwa wamepita mwaka 2006. Kwa mujibu wa polisi wa Tamil Nadu, dalali wa Chennai aliajiri watu wa kazi hiyo, wakalizuru hekalu zaidi ya mara moja usiku, wakavunja kufuli, wakachukua walichotaka na kulirudisha kufuli lionekane zima. Hilo la kufuli ndilo lililowanunulia muda. Sanamu zikapelekwa Chennai, zikafungwa pamoja na bidhaa za kawaida, na kwenye karatasi za forodha zikaandikwa kuwa ni kazi za mikono. Kusini mwa India kuna mafundi halali wanaomimina sanamu za namna hii hadi leo, hasa Swamimalai karibu na Kumbakonam, na kazi zao husafirishwa duniani kote. Ofisa wa bandari anayefungua kreti na kukuta Shiva wa shaba amekwisha kuona mia kama huyo. Bidhaa halali ndiyo iliyoificha ile haramu.

Mwisho wa safari ulikuwa Madison Avenue, New York, kwenye duka lililoitwa Art of the Past la Subhash Kapoor. Huyu hakuwa mchuuzi wa uchochoroni. Alikuwa akiuzia majumba makubwa ya makumbusho kwa miongo kadhaa, mengine akiyapa zawadi, na wasimamizi wa sanaa walimjua kwa jina. Sanamu za Sripuranthan alizisambaza: Ganesha, mwana wa Shiva, alikwenda Toledo, Ohio, mwaka 2006. Uma, mke wa Shiva, akanunuliwa na jumba la makumbusho la Singapore mwaka 2007. Nataraja, aliye mkubwa na ghali kuliko wote, akawekewa Australia. Mume akapelekwa huku, mke kule, mtoto kwingine.

Karatasi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu sanamu kama hii haiuziki kwa jumba la makumbusho bila historia ya umiliki, na historia ya Nataraja ilitungwa kwa akili.

Karatasi zilisema hivi. Mwanadiplomasia wa Sudan aliyekuwa akifanya kazi Delhi mwishoni mwa miaka ya 1960 aliinunua kwenye duka la Delhi mwaka 1970. Alipomaliza muda wake aliondoka nayo. Baadaye ikawa ya mkewe, aliyekuwa akiishi Marekani, na mke ndiye aliyemuuzia Kapoor. Kulikuwa na risiti ya duka na barua zenye sahihi.

Tazama kila kipande kilivyochaguliwa. Mwaka 1970 ndio mwaka wa Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali ya utamaduni, na majumba mengi ya makumbusho yameufanya kuwa mstari: kitu kilichotoka nchini kwake kabla au karibu na hapo hakiulizwi sana. Sheria kali ya India ya mambo ya kale ni ya 1972. Kwa hiyo hadithi inaiweka sanamu mikononi mwa mnunuzi kabla ya milango yote miwili kufungwa. Mwanadiplomasia naye anafaa kwa sababu mizigo yake haipekuliwi sana, hivyo kukosekana kwa karatasi za forodha kunapata maelezo. Anatoka Sudan, nchi ambayo mtu wa Canberra hatapata urahisi wa kuipigia simu na kuuliza. Na mwenye kuuza ni mke, si yeye aliyenunua, kwa hiyo mambo ya 1970 akiulizwa ana haki ya kusema hayajui. Mwongo asiye na ujuzi huongeza maelezo. Huyu aliyapunguza akabakisha yale tu ambayo hayahakikiki.

Lakini kulikuwa na tundu, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilionekana bila kutoka ofisini. Tangu 1947 India ilikuwa na sheria inayotaka leseni ya serikali kabla ya kutoa kitu cha kale nje ya nchi. Ile ya 1972 iliikaza tu. Basi chukulia kwamba kila neno la hadithi ile ni kweli: duka ni la kweli, mwanadiplomasia ni wa kweli, risiti ni halali. Bado, sanamu ilipotoka India ilipaswa kuwa na leseni, na leseni haikuwepo. Jumba liliajiri wakili wa kulishauri, na ushauri wake ulionya kwamba nyaraka hazikutosha kueleza sanamu ilitoka wapi kabla ya duka la Delhi na kwamba hatari ipo. Jumba lilinunua hata hivyo.

Kinga yao nyingine ilikuwa cheti cha Art Loss Register, daftari la London linaloorodhesha sanaa iliyoripotiwa kuibwa. Sanamu haikuwemo. Ingekuwemo vipi? Wenyewe walikuwa bado wanaamini iko ndani, nyuma ya kufuli. Watu hukosea sana kuhusu vyeti vya namna hii. Daftari hilo linafaa kwa mchoro uliotolewa kwenye nyumba ya tajiri wa Paris, mwenye picha, bima na wakili anayeamka asubuhi na kupiga simu polisi. Kwa sanamu ya hekalu la mashambani lisilofunguliwa, au kichwa cha Buddha kilichokatwa kwenye magofu ya porini, au kitu kilichofukuliwa usiku ardhini ambacho hakuna mtu hai aliyewahi kukiona, ukimya wa daftari hauna maana yoyote. Kadiri mwenye mali alivyo maskini na mbali ndivyo cheti kinavyotoka safi zaidi.

Huku kwetu pwani nimezoea uwongo wa aina nyingine, mdogo zaidi. Ingia duka lolote la vitu vya kale, Mombasa au Mji Mkongwe wa Zanzibar, uulize sanduku limetoka wapi. Utaambiwa ni la bibi mmoja wa Lamu, au ni la bi harusi wa ukoo fulani wa Kiarabu. Mengi ya masanduku hayo yalitengenezwa India, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa kuuzwa kwetu, na hakuna aibu katika hilo. Lilitengenezwa liuzwe, likauzwa, likauzwa tena. Bibi wa kubuni anaongeza bei, lakini hajaibiwa mtu. Kwa sababu hiyo mimi hutenganisha kabisa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya soko na kitu kilichowekwa wakfu. Sanduku, kiti, sinia, bakuli la kauri la China lina historia ya biashara, na biashara ndiyo nasaba yake. Sanamu iliyoabudiwa haina nasaba hiyo. Haikuwahi kuwa na bei hadi siku mtu alipoingoa mahali pake, kwa hiyo katika historia yake lazima pawe na siku hiyo, na karatasi zote duniani zinapaswa kuanzia hapo. Karatasi za Nataraja zilianzia dukani. Hekalu halikutajwa popote, kana kwamba Shiva mwenye uzito ule alizaliwa kwenye rafu ya Delhi.

Picha

Kilichoivunja hadithi ni picha iliyopigwa na watu ambao hawakuwa wakimtafuta mwizi.

Pondicherry, mji wa pwani uliokuwa koloni la Ufaransa, kuna taasisi ya utafiti ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1955. Watu wake walizunguka mahekalu ya kusini mwa India kwa miongo mingi wakipiga picha kila walichokikuta: mahekalu maarufu na yasiyojulikana, sanamu zilizovikwa na zisizovikwa, mbele na ubavuni. Hazina yao ina picha zaidi ya laki moja. Mwaka 1994 walifika Sripuranthan na kumpiga picha Nataraja akiwa kwake.

Wizi ulipogundulika, kitengo cha polisi wa Tamil Nadu kinachoshughulikia sanamu kiliomba picha hizo na kuziweka hadharani. Kuanzia hapo ilikuwa ni suala la mtu kukaa chini na kulinganisha. Polisi walikwisha kumfikia Kapoor: alikamatwa Frankfurt Oktoba 2011 na kupelekwa India Julai 2012, huku wapelelezi wa Marekani wakivamia maghala yake New York. Mwaka 2013 mwandishi wa habari Jason Felch alichapisha picha ya 1994 kando ya picha ya jumba la Canberra. Ndimi zilezile, makovu yaleyale, kitako kilekile. Kalibu ilikuwa imevunjwa karne tisa zilizopita, pacha hakuna. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua zaidi ya miaka 5, lakini ilipofika mwisho hapakuwa na pa kupita.

Hasira yangu juu ya Canberra inatoka hapo. Picha ya 1994 ilikuwepo Februari 2008. Ilikuwa kwenye kabati Pondicherry, katika taasisi ambayo kila mtaalamu wa sanaa ya Chola anaijua na ambayo hujibu barua. Jumba lililokuwa tayari kutoa dola milioni 5 lingeweza kutuma picha ya sanamu huko na kuuliza kama wanamtambua. Badala yake lilitafuta orodha ya vilivyopotea, kumbe kilichohitajika ni orodha ya vilivyokuwepo. Ile ya kwanza hujazwa na mwenye mali aliyekwisha kugundua hasara. Ya pili hujazwa kabla, na haimsubiri mtu agundue chochote.

Wanaosoma hapa kutoka Kilifi na Kwale watakuwa wamekwisha kukumbuka vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wafu wao. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ikapita, mtafiti yuleyule akakiona kimoja kwenye makusanyo ya jumba la makumbusho la Illinois, na cha pili kikapatikana Virginia. Ile picha ya 1985 ndiyo iliyotoa ushahidi, na baada ya zaidi ya miaka 20 vilirudishwa Kenya. Kigango nacho hakikutengenezwa kiuzwe. Kinasimama pale roho ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, inapotulizwa, na hakihamishwi hata watu wakihama. Vingapi viko ng'ambo ambavyo hakuna aliyevipiga picha vikiwa mahali pake?

Kurudi

Desemba 2013 aliyekuwa meneja wa Kapoor alikiri makosa mahakamani New York, na katika kukiri huko yalitajwa pia mambo ya sanamu zilizoibwa na historia za umiliki zilizotungwa. Februari 2014 jumba la Canberra likamfungulia Kapoor kesi New York kudai pesa zake. Machi India iliomba sanamu rasmi, nayo ikaondolewa ukumbini. Tarehe 5 Septemba 2014, Waziri Mkuu wa Australia, Tony Abbott, alimkabidhi mwenzake wa India, Narendra Modi, Nataraja huyo mjini New Delhi, pamoja na sanamu ya jiwe ya Ardhanarishvara, Shiva aliye nusu mume nusu mke, ambayo jumba la sanaa la Sydney lilikuwa limeinunua kwa Kapoor mwaka 2004. Ganesha wa Toledo na Uma wa Singapore nao wakarudishwa.

Jumba lilimwomba Susan Crennan, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Australia, alipitie makusanyo yake ya Asia. Katika vitu 36 alivyovikagua, 22 alivikuta na historia isiyotosha au yenye mashaka. Nalipongeza jumba kwa kuutoa ukaguzi huo hadharani mwaka 2016, maana wengi wangeufungia kabatini. Mwaka 2021 lilitangaza kurudisha kazi nyingine 14 India, 13 kati yake zikiwa zimepitia kwa Kapoor. Kapoor mwenyewe alihukumiwa miaka 10 jela na mahakama ya Kumbakonam mwezi Novemba 2022. Hukumu hiyo ilihusu wizi wa Suthamalli. Waendesha mashtaka wa Manhattan wanasema vitu vilivyokamatwa kutokana na mtandao wake vinazidi 2,500.

Watu wa biashara hii hulalamika kwamba ukidai picha ya kitu kikiwa nyumbani kwake, basi hutanunua sanamu yoyote tena, kwa kuwa nyingi hazina. Nawajibu kwamba ni kweli, hutanunua. Mimi sasa sinunui chochote kilichowahi kupakwa mafuta au sandali na mikono ya waja, kiwe cha bronzi, mti au jiwe, hata kikiwa na risiti ya mwaka wowote. Nimebaki na masanduku yangu. Mwenye nia ya kuendelea na sanamu naamini ana kazi tatu kabla ya kutaja bei: kutafuta kilipokuwa kimesimama, kutafuta aliyekiandika au kukipiga picha kikiwa hapo, na kuona leseni iliyokitoa nchini. Moja ikikosekana, sioni ni jinsi gani atalala usingizi.

Kurudi kwenyewe kuna jambo ambalo hotuba za New Delhi hazikulitaja. Nataraja alipofika Tamil Nadu hakupelekwa moja kwa moja hekaluni. Alikuwa kielelezo cha kesi, kwa hiyo alifikishwa mahakamani kama vinavyofikishwa vielelezo vingine, kisha akawekwa kwenye ghala la serikali la sanamu huko Kumbakonam, pamoja na miungu mingine ya vijiji mbalimbali iliyookolewa au kuhifadhiwa kwa hofu ya wezi. Ni ghala la aina ileile ambayo watu wa Sripuranthan waligoma mungu wao asipelekwe. Serikali ina hoja: hekalu lisilo na mlinzi liliibiwa mara moja na litaibiwa tena. Wanakijiji nao wana yao: mungu aliyefungiwa ghalani haogeshwi na kuhani wake, havikwi, hatoki siku ya sikukuu kuwatazama watu wake, na katika hayo hali yake haina tofauti kubwa na ile aliyokuwa nayo Canberra, ambako angalau taa ziliwashwa. Hekalu la Sripuranthan likipata kuhani, mlango wa chuma na mlinzi wa usiku anayelipwa mshahara, hoja ya serikali inakwisha. Gharama ya vitu hivyo vitatu ni sehemu ndogo sana ya zile dola milioni 5.